Kiti cha Mtoto wa Pearl

Baraza la mji wa Mullanbri hukutana Jumatano ya tatu ya kila mwezi, saa nane mchana, katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Ukutani kuna picha mbili: ya mfalme, na ya kondoo dume aliyeshinda maonyesho ya jimbo zima mwaka 1938. Ya kondoo ni kubwa zaidi. Kabla ya kikao, karani wa baraza, Noelene Pask, hupanga viti kumi na viwili vya plastiki kwa ajili ya wananchi, ingawa mwananchi anayekuja huwa mmoja tu, mzee mwenye ugomvi na mbwa wa jirani yake. Kisha hujaza maji kwenye birika kubwa la umeme na kufunika kwa kitambaa sinia la lamingtoni, vile vipande vya keki vilivyochovywa kwenye chokoleti na kugaragazwa kwenye nazi. Mikutano mingi ya Australia isingefika mwisho bila lamingtoni.

Jambo la kwanza kikaoni ni kadi. Meya huisoma akiwa amesimama. Kadi inasema kwamba tumekutana juu ya ardhi ya watu waliokuwepo hapa kabla yetu, na kwamba tunawaheshimu wazee wao, waliotangulia na walio hai. Kadi za namna hiyo husomwa nchi nzima, bungeni, shuleni, kabla ya mechi, hata ndani ya ndege ikishatua. Meya wa Mullanbri, Des Tranter, alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe kwa miaka arobaini, na mdomo wa dalali haujui kutembea. Yeye alikuwa akiimaliza kwa sekunde tisa.

Mwezi wa Februari baraza lilimwajiri Bronte Lisle, msichana aliyetoka jiji kubwa, awe ofisa habari. Bronte aliisoma kadi akaiona imepoa. Unamtaja mtu, unasema unamheshimu, halafu basi? Akaongeza sentensi moja mwishoni, kwa nia njema kabisa, bila kumuuliza mtu: nao wote wanakaribishwa kuketi nasi leo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema lolote juu ya mgeni anayemkaribisha mwenyeji nyumbani kwa mwenyeji mwenyewe, labda kwa sababu hawakuwahi kufika Mullanbri.

Jumatano ya tatu ya Machi, Des aliisoma kadi mpya kwa sekunde kumi na moja. Alipoketi, mlango ulifunguliwa wakaingia watu thelathini na mmoja.

Walipangusa miguu kwenye zulia la mlangoni, maana ilikuwa na tope la mto. Wa mbele alikuwa mzee mwenye koti la jeshi la vile vita vya kwanza vya dunia, medali tatu kifuani, kofia mkononi. Nyuma yake walikuja wanawake wenye magauni yaliyoshonwa kwa magunia ya unga, wanaume wenye mabuti ya kuchungia ng'ombe, na bibi mmoja aliyejitanda joho la ngozi ya wanyama, ambaye alifariki kabla mji haujapewa jina. Waliwahi viti kumi na viwili, na waliobaki wakasimama ukutani chini ya kondoo.

Kel Bodey, diwani anayeuza pampu za maji, alimwinamia mwenzake. "Hawa si wamekufa?"

"Wamekufa, ndiyo."

"Basi keki hazitatosha."

Noelene alikwenda maktaba kuazima viti. Aliporudi aliandika kwenye kumbukumbu za kikao: wananchi waliohudhuria, 32, yule mzee wa mbwa akiwemo. Baraza likaendelea na ajenda ya mifereji.

Wakati wa chai wafu walijipanga mstari mmoja bila kuambiwa, wazee mbele, mikono imeshikana kwa mbele, na hakuna aliyegusa kikombe mpaka Noelene alipomwashiria kwa kichwa. Ndivyo walivyozoeshwa katika kambi ya mtoni walikowekwa na serikali, enzi za meneja na mgao wa unga, sukari na majani ya chai. Des hakulijua hilo, au alishalisahau. "Angalia adabu hiyo," alimwambia Kel. "Vijana wa siku hizi wangejifunza kitu." Wafu walitia sukari vijiko vitatu vitatu, na nyingine wakaweka mfukoni.

Jioni Noelene alimpigia simu Shangazi Verna.

Verna Sutton alikuwa na miaka sabini na minane. Mji mzima unamwita Shangazi, weusi kwa weupe, tarishi, polisi, hata daktari aliye sawa naye kwa umri. Alipika katika hospitali ya mji miaka thelathini, na hakuna mtu wa Mullanbri aliyelazwa miaka ile asiyemkumbuka kwa supu yake. Kwa miaka miwili sasa alikuwa akiliandikia baraza barua kuhusu kona ya mto, mahali panapoitwa Kambi ya Zamani. Baraza lilitaka kujenga pale uwanja wa karavani, kwa ajili ya wale wastaafu wanaoizunguka nchi wakikokota nyumba zao nyuma ya gari. Shangazi Verna hakuwa na ugomvi na wastaafu. Ila mama yake alizikwa pale mwaka 1953, na yeye hakujua ni wapi hasa.

Hakujua kwa sababu hakuwepo. Mwaka 1951, akiwa na miaka minne, gari jeusi la Ustawi, idara ya serikali iliyowachukua watoto weusi kwa wazazi wao, lilikuja kambini likamchukua. Akalelewa kwenye nyumba ya wasichana mbali na mto, akafundishwa kufua na kupiga deki, na aliporudi akiwa na miaka kumi na minane alikuta mama yake keshakufa kwa kifua, kambi imesukumwa na trekta, na mafuriko ya mwaka 1956 yamezoa chupa na mawe meupe yaliyokuwa yamezungushiwa makaburi. Barua zake zote ziliomba kitu kimoja: mahali alipolala mama pajulikane kabla tingatinga halijaingia. Baraza lilimjibu kila mara, kwa heshima, kwamba hakuna kumbukumbu za makaburi. Ilikuwa kweli. Meneja wa kambi aliandika kila mfuko wa unga aliougawa, lakini watu hakuwaandika.

"Shangazi," Noelene alisema kwenye simu, "leo kulikuwa na watu wenu ukumbini. Marehemu."

"Wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Kuna dada mmoja ana mwanya, gauni lake lina maua ya njano. Ni yule wa kwenye picha ya jikoni kwako, Shangazi. Sidhani kama nimekosea."

"Wameshaondoka?"

"Waliondoka baada ya kikao. Lakini watarudi, wamealikwa kila mwezi. Iko kwenye kadi."

"Aliitia sahihi nani hiyo kadi?"

"Hakuna. Bronte ameichapa tu."

"Haya," Shangazi Verna alisema. "Mwezi ujao niwekee nafasi."

Jumatano ya tatu ya Aprili alifika saa saba, amevaa nguo zake za kanisani. Viti vilikuwa arobaini na vitano. Des akasoma kadi, mlango ukafunguliwa, na Shangazi Verna akamjua mama yake kabla hajaketi. Pearl Sutton alikuwa na miaka ishirini na saba, umri aliofia. Alichagua kiti karibu na dirisha, safu ya tatu, akaweka kiganja juu ya kiti kilichofuata. Verna alipenya katikati ya magoti ya wafu akiomba radhi, akafika, akataka kukaa.

"Samahani, shangazi," Pearl alisema. "Hapa pana mtu."

"Nani?"

"Mwanangu. Anakuja sasa hivi."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne. Wamempeleka mjini kumpima masikio. Bwana wa Ustawi amesema watamrudisha kabla ya chai."

Verna alishika mgongo wa kiti cha mbele. Masikio yake hayakuwahi kuuma, na hakuna mtu aliyewahi kuyapima.

"Anaitwa Verna," alisema.

"Ee, Verna. Umemwona?"

"Ni mimi, mama."

Pearl alimtazama, akaanza na nywele nyeupe akaishia kwenye viatu alivyoandikiwa na daktari. Alimtazama kwa upole, jinsi watu wanavyomtazama mzee anayemuulizia mume aliyemzika zamani. Kisha akamshika mkono.

"Pole, shangazi. Na wewe walikuchukua?"

"Ndiyo."

"Mama yako atakuja tu. Kaa hapo pembeni umngoje. Tutangoja wote."

Verna alikaa kwenye kiti kilichofuata, na kiti kitupu kikabaki katikati yao. Hakuna haja ya kuzungusha maneno: iliuma. Iliuma kuliko siku ya gari jeusi, maana siku ile alikuwa mdogo na alifikiri anapelekwa matembezi. Baraza lilijadili taa za barabarani kwa dakika hamsini.

Saa ya chai Pearl alichukua lamingtoni mbili. Moja aliila, ya pili akaifunga kwenye leso yake na kuiweka juu ya kile kiti. "Akifika atakuwa na njaa," alimwambia Verna. "Huko hawawalishi vizuri."

"Hawawalishi," Verna alisema. "Ni uji tu."

"Nilijua."

Des alifunga kikao saa kumi. Wafu waliinuka, wakarudisha viti vyao ukutani, wakatoka. Keki iliachwa kwenye kiti, na mfanya usafi akaitupa, kwa sababu ndivyo kanuni za afya zinavyosema. Shangazi Verna alichukua mkoba wake akawafuata.

Walipita barabara kuu, mbele ya duka la mikate, mbele ya baa, mbele ya ofisi ya madalali. Magari yaliwapisha. Dereva wa lori la ngano aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu ya barabara za huko, na mzee wa koti la jeshi akainua kimoja chake. Mbwa hawakubweka. Baada ya mizani ya ngano wakaiacha lami, wakashika njia ya vumbi mpaka kwenye kona ya mto. Pale kila mmoja alikwenda mahali pake, kama mtu anavyokijua kitanda chake gizani.

Pearl alilala kati ya mikaratusi miwili, hatua kumi na moja kutoka kwenye maji. Alinyoosha gauni. Alilala ubavu, mkono mmoja ameukunja kuzunguka nafasi ndogo mbele ya kifua chake, nafasi ya mtoto wa miaka minne. Kisha ardhi ikamfunika, na majani makavu yakarudi juu yake kama yalivyokuwa. Kasuku weupe walikuwa wakipiga kelele mitini kwa mambo yao wenyewe. Shangazi Verna alivua sweta lake, akalitandaza pale, akaligandamiza kwa mawe manne, akarudi nyumbani na baridi.

Kesho yake Noelene alikuja na kopo la rangi ya waridi kutoka idara ya barabara, ile wanayochorea mashimo. "Nimeazima," alisema, na akachora duara kuzunguka sweta. Mwezi wa Mei yeye na Shangazi Verna waliwafuata wafu wote, na safari hiyo wafu walikuwa sitini na watatu, kwani habari za viti zilikuwa zimeenea. Mpaka jua linazama, kwenye kona ya mto kulikuwa na duara sitini na tatu za waridi.

Baraza lilimtuma mpimaji. Kijana mwangalifu, hakukanyaga duara hata moja. Ripoti yake ilikuwa na ramani nzuri na aya moja tu ya maana. Alama sitini na tatu zimethibitishwa, iliandikwa. Hata hivyo, wageni hao ni watu wazima wenye uhuru wa kulala popote wapendapo katika ardhi ya umma baada ya kikao, na kulala kwao si ushahidi wa kuzikwa.

"Sasa ushahidi wa kuzikwa ni nini?" Shangazi Verna alimuuliza Noelene.

"Cheti, Shangazi."

"Cha nani?"

"Cha meneja."

"Meneja naye kafa?"

"Kafa miaka mingi."

"Mwambieni Bronte amwalike na yeye," Shangazi Verna alisema. Hakuwa anatania sana.

Uamuzi ulipangwa Jumatano ya tatu ya Juni. Mtu anayetaka kusema mbele ya baraza la Mullanbri hujaza fomu na kuifikisha kabla ya saa sita mchana Jumatatu, akiandika jina, jambo, na mahali anapoishi. Tangu Machi, mzee wa koti la jeshi alikuwa akinyoosha mkono kila kikao, na kila kikao Des alimwambia, "Samahani sana, mzee wangu. Fomu." Kwa hiyo mwezi wa Mei, wakati wa chai, Noelene alikaa na wafu akawajazia fomu sitini na tatu kwa mkono wake mwenyewe mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye jambo waliandika: kona ya mto. Kwenye mahali wanapoishi waliandika: kona ya mto.

Ofisi ya mipango ilizirudisha zote. Kona ya mto haina makazi yaliyosajiliwa, ilieleza. Hakuna anayeruhusiwa kuishi pale tangu mwaka 1955, kwa amri ya baraza lenyewe.

Fomu ya Shangazi Verna haikuwa na kasoro. Alipewa dakika tatu. Ukumbi ulikuwa umejaa, wafu safu saba, na Pearl alikuwa karibu na dirisha, kiganja juu ya kiti. Verna alisimama mbele bila karatasi.

"Nyinyi nyote nimewalisha," alisema. "Wewe Kel, ulipokatwa kidole tumbo. Wewe Des, nyonga zote mbili. Sasa naomba na mimi. Mama yangu yule pale, mnamwona. Amelala kati ya mikaratusi miwili, hatua kumi na moja kutoka majini. Sitaki kona yote. Nataka hatua nne kwa nne, uzio, na jiwe lenye jina lake. Mimi nina miaka sabini na minane, sitawasumbua muda mrefu."

Alitumia dakika moja. Mbili zilizobaki alisimama tu.

Des alivua miwani akaifuta. Si mtu mbaya, na hilo lisemwe. Kila majira ya baridi yeye mwenyewe humshushia Shangazi Verna kuni mlangoni, na hajawahi kukubali hata asante. "Shangazi, mimi na wewe tumejuana miaka," alisema. "Hapa kwetu kila mtu hupewa nafasi yake, ndivyo tulivyo, ndiyo nchi yetu. Ndiyo maana tumewaletea viti."

"Sikuomba viti, Des."

"Najua. Lakini tumeleta."

Tatizo lilikuwa kibanda cha wageni namba tisa kwenye ramani ya uwanja. Zile hatua nne kwa nne zilikuwa katikati yake, na ramani ilishapigwa muhuri jijini. Kukisogeza kibanda kungemaanisha kuirudisha ramani, na kuirudisha kungepitisha msimu wa watalii. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Saba waliikubali ramani ilivyo, wawili waliikataa. Mmoja wa hao wawili alikuwa Kel Bodey, ambaye hakueleza sababu, akatoka nje akaenda kukagua tairi za gari lake ambazo hazikuwa na tatizo. Baraza liliazimia uwanja ujengwe, kibao cha heshima kiwekwe getini, na marehemu washukuriwe kwa kushiriki.

Wakati wa kura mzee wa koti la jeshi naye alikuwa amenyoosha mkono. Noelene hakujua amhesabu wapi, akamwandika pembeni mwa ukurasa. Des alimwomba amfute, kwa kuwa pembeni mwa ukurasa si sehemu ya kumbukumbu. Alimfuta kwa kifutio, taratibu, na alama ya penseli ikabaki kidogo.

Bronte alilia chooni. Alipotoka alimfuata meya akiwa na kadi mkononi. "Tuifute ile sentensi," alisema. "Hatuwezi kuwaita watu kila mwezi halafu hatuwasikilizi."

"Binti, tulia," Des alisema. "Wiki iliyopita tumepata barua. Tuzo ya mahudhurio, mabaraza madogo yote ya jimbo. Unajua kuna baraza gani jingine linalopata wananchi zaidi ya sitini Jumatano mchana? Hakuna. Kadi inabaki."

Tingatinga liliingia Agosti. Wafu waliendelea kuja vikaoni, na tope la miguuni mwao likabadilika, likawa na kokoto na saruji. Noelene alinunua zulia kubwa zaidi la mlangoni. Shangazi Verna hakukosa hata kikao kimoja. Alikaa kiti kile kile, kimoja kutoka kwa mama yake, na walizungumza mambo madogo madogo: namna ya kuoka mkate kwenye majivu, jina la ndege fulani, kama mvua itanyesha. Mara moja Pearl alimuuliza kama mama yake alishakuja. Verna alisema yuko njiani.

Uwanja ulifunguliwa tarehe ishirini na sita Januari, siku ya taifa, siku ambayo meli za kwanza za wazungu zilitia nanga. Kulikuwa na joto la kupasua mawe. Bendera za plastiki zilifungwa kwenye kila kibanda, watoto walichorwa nyota mashavuni, na wanaume wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea walichoma soseji na kuzifunga kwenye mkate mweupe. Daktari wa meno kutoka India aliapishwa kuwa raia na kupewa mche wa mti kwenye kikopo, kama wapewavyo raia wapya. Des alimpa mkono. "Karibu nyumbani," alimwambia. "Hapa kwetu kila mtu hupewa nafasi yake." Daktari alishukuru, akauliza mche upandwe wapi.

Viti mia moja na ishirini vilipangwa kwenye nyasi mpya. Des akapanda jukwaani akasoma kadi.

Wafu hawakuwa na safari ndefu. Walitoka chini ya vibanda, chini ya choo cha wageni, chini ya mahali pa kuchomea nyama, wakajikung'uta vumbi la saruji na kuketi. Des aliona jinsi ilivyowarahisishia, akalitaja hilo kwenye hotuba yake. Pearl alitokea mlangoni mwa kibanda namba tisa. Kwenye baraza ya kibanda kile walikuwa wamekaa mtu na mkewe, walimu wastaafu waliotoka pwani, vikombe mkononi. Wakakunja miguu ili apite.

"Asante," Pearl alisema.

"Usijali, dada," alisema mume. "Sisi tunaondoka Alhamisi."

Alikwenda safu ya tatu, ingawa hapakuwa na dirisha, akaweka kiganja kwenye kiti cha pembeni yake. Shangazi Verna alikuja polepole na fimbo, akazunguka, akakaa cha tatu bila kuambiwa.

"Umechoka leo, shangazi," Pearl alisema.

"Joto tu."

"Wangu atakuwa amechoka pia. Safari ile ni ndefu kwa mtoto." Alikuwa ameshachukua keki mbili mezani. Moja alikula. Nyingine aliifunga kwenye leso na kuiweka juu ya kiti, akaisogeza kidogo ili isiwe juani.

Hotuba zilikwisha saa sita. Kibao cha heshima kilifunuliwa getini, kikapigiwa makofi. Wafu waliinuka, wakarudisha viti kwenye rundo, wakaondoka kila mmoja kwake. Pearl alipita tena katikati ya wale walimu, akafuta miguu kwenye zulia walilomwekea, akaingia ndani ya kibanda namba tisa kulala. Mke akamfungia mlango ili nzi wasiingie.

Noelene alikuwa akikusanya viti vilivyobaki. Alifika safu ya tatu akasimama.

"Shangazi, hiki naweza kuchukua?"

"Kiache kwanza," Shangazi Verna alisema. "Hapa pana mtu."

Noelene aliendelea na safu nyingine. Shangazi Verna aliifungua leso. Chokoleti ilikuwa imeyeyuka kwa joto na nazi imeganda kwenye kitambaa. Miezi yote ile alikuwa amewaachia wafanya usafi waitupe keki ya kiti hicho, akidhani si adabu kugusa chakula cha mtoto wa watu. Sasa aliihamisha mapajani, akaila yote pole pole mpaka chenga za nazi, maana aliwekewa yeye.